Tulialikwa Tuzomewe

Nikisikia watu wanasema kabla ya muziki wa roki kuja hatukuwa na muziki ila nyimbo za kubembelezea watoto, damu inanichemka. Wimbo mmoja tuliufanyia mazoezi miezi mitatu. Sauti tatu zisipokaa pamoja, hakuna gitaa la kelele la kuzificha.

Tulikuwa mabinti wa Hudak, mfua chuma wa mji wa Youngstown, Marekani: Dada Irma sauti ya chini, mimi Verna ya kati, na Lorraine, kitindamimba wetu, ya juu. Mwaka 1952 sahani yetu ya santuri ilipigwa redioni kutwa, na watu waliicheza wameshikana, wakisikia kila neno.

Miaka mitano baadaye hakuna aliyetuita tena. Ndipo Bwana Kessler, mwandaaji wa maonyesho, akapiga simu. Alimwambia Irma anataka muziki wa heshima wa kufungulia onyesho lake, na bendi yetu ya zamani ije pia. Irma alifumua magauni yetu akayashona upya. Mama alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani.

Pazia lilifunguka, na kabla hatujafumbua mdomo ukumbi mzima ukaanza kuzomea. Bisi zikaturukia usoni. Nilidhani wamekosea watu. Lorraine akanigusa kiwiko, akanionyesha bango lililoning'inizwa ukutani, nyuma ya vijana waliojaa ukumbini: ZOMEENI MUZIKI WA BIBI ZENU, KISHA TUCHEZE ROKI.

Bibi zao! Lorraine alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Irma aliinua mkono kuizuia bendi isianze. Akaenda pembeni ya jukwaa, akamshika Kessler mkono wa koti, akamleta mpaka kwenye kipaza sauti.

"Soma bango lako," akamwambia.

"Bibie, huu ni utani tu. Biashara ndivyo ilivyo siku hizi."

"Ungekuwa utani tungeambiwa, tukacheka wote. Yule pale ni mama yangu. Msomee yeye."

Kipaza sauti kilibeba kila neno. Kelele zikapungua, kisha zikaisha. Kessler alimtazama Mama, wala hakusoma.

Lorraine alitaka tuimbe hapo hapo, ukumbi umenyamaza, tuwaonyeshe. Alimnong'oneza Irma, akamsihi. Irma akakataa, akasema watu waliokuja kutuzomea hawatapata hata ubeti mmoja. Tukashuka ngazi, tukamchukua Mama, tukapita katikati yao mpaka nje. Msichana mmoja alicheka. Wengine walitupisha.

Kessler alitangaza kila mahali kwamba tuna maringo, na simu haikulia tena. Irma aliajiriwa kuunganisha simu za watu, mimi nikafundisha kwaya, Lorraine akaolewa mji wa Akron. Jumapili tulikutana kwa Mama tukaimba tukiosha vyombo, beti zote, bila kuruka hata moja.

Irma sasa ni marehemu. Lorraine bado anashikilia kwamba tulikosea.

"Dada Verna, walikuwa wamenyamaza," ananiambia. "Ukumbi mzima. Wangetusikia."

Labda wangetusikia. Mimi hasira yangu ni kwa ajili ya wale wapigaji kumi na wawili wa bendi. Walitoka makazini mchana ule, wakapiga pasi suruali, wakang'arisha matarumbeta yao, na hawakupiga hata noti moja.