Maji ya Kisima cha Kihesa

Dokta Asukile alikuwa mtu wa kutouamini hata mzani wake. Atapima kitu mara tatu, akunje uso, apime tena. Kwa mwalimu wa kemia hiyo ni tabia njema. Kwa mtu anayeishi na watu ni balaa.

Miaka sita alikuwa akichoma pumba za mpunga kutoka Madibira na kulichakata jivu lake mpaka apate chembe ndogo ambazo hadubini ya kawaida haizioni. Chembe hizo alizishindilia kwenye chujio, nalo likanasa kutu ya chuma iliyomo majini. Kwenye maabara yake, Mbeya, chujio lilifanya kazi vizuri ajabu. Ilibaki kulijaribu nyumbani kwa mtu, penye kisima kibovu huko Kihesa, Iringa, kisha aombe uprofesa. Alilifunga mwenyewe kwa Mama Blandina.

Aliyekwenda Kihesa kila mwezi ni Tumpe, fundi wa maabara. Alirudi na chupa mbili: maji ya kisima yalivyo, na maji yaliyopita kwenye chujio. Mwezi wa kwanza Asukile alipima, akatoa macho. Maji ya kisima yalikuwa safi karibu sawa na yale yaliyochujwa! Yaani chujio halikufanya kitu. Mwezi wa pili, hivyo hivyo.

"Kile kisima kina kutu, Kihesa nzima inajua," alimwambia Tumpe. "Haya maji umeyatoa wapi?"

"Kwa Mama Blandina, Dokta. Kwenye ndoo yake ya kisima. Mimi najaza tu."

Jibu halikumwingia. Akakumbuka kumwona Tumpe kantini akicheka na Dokta Sosthenes, ambaye naye alikuwa akiutaka uprofesa kwa machujio yake ya mkaa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Mwezi wa tatu aliweka alama ya penseli nyuma ya kila lebo, kwa siri. Chupa zilirudi zilezile, na maji yaleyale. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Yeye akazidi kushuku. Kumbe binti mjanja, ameiona alama! Siku hiyohiyo akamwandikia mkuu wa idara kwamba Tumpe anabadilisha maji ili kumharibia utafiti. Tumpe akasimamishwa kazi.

Siku ya safari iliyofuata Asukile alikwenda Kihesa mwenyewe, bila taarifa, kutafuta ushahidi wa kummaliza kabisa. Alimkuta Mama Blandina jikoni, akimimina maji kwenye ndoo kupitia kitambaa cheupe.

"Kamwene, Dokta! Leo umekuja mwenyewe? Maji yako ndiyo haya. Jana nimeyachemsha, yakalala, sasa nayachuja."

"Unayachemsha? Mama, mimi nilitaka ya kisima yalivyo!"

"Yale mekundu?" Mama Blandina alimtazama kama mtu aliyemtukana. "Yaende chuo, wasomi waseme kwa Blandina wanakunywa matope? Mimi nimelelewa, baba."

"Na Tumpe hakukukataza?"

"Angejuaje? Mgeni nimwache akachote kisimani mwenyewe? Akija anakuta ndoo iko tayari. Anajaza, anakula, anaondoka. Yule mtoto ana adabu. Leo yuko wapi?"

Aibu ilimpanda Asukile mpaka masikioni. Alichota mwenyewe kisimani, akapitisha maji kwenye chujio, akapima palepale uani: kutu tele kabla, karibu hamna baada. Kazi yake ya miaka sita ilikuwa salama, na hakuona raha hata kidogo.

Kesho yake alikuwa Soweto, Mbeya, sebuleni kwa kina Tumpe, mama mzazi wa binti akisikiliza. Alieleza yote bila kujitetea.

"Nilikudhania vibaya. Naomba unisamehe. Leo hii nitamweleza mkuu wa idara."

"Nimekusamehe, Dokta," Tumpe alisema kwa upole. "Lakini kule uliandika. Na hili liandike. Hapa hapa."

Aliandika ukurasa mzima, akasaini. Tumpe aliusoma mara mbili, akaupiga picha kwa simu, akamsogezea mama yake asaini kama shahidi. Asukile alinyoosha mkono aichukue barua, awahi ofisini.

"Hapana, Dokta," Tumpe alisema, akiikunja. "Hii nitaipeleka mwenyewe."