Maua ya Kisogoni

Bibi na mkwe mwenzake walikubaliana kumfumia mjukuu wao skafu ya kroshia: kila mmoja afume maua kumi, kisha Bibi ayaunganishe. Ya Bibi yalikuwa ya njano, ya mkwe ya zambarau. Lakini Bibi alitaka mjukuu akijitazama kwenye kioo aone kazi ya mikono yake tu. Basi akayaunganisha petali kwa petali, ya njano yote kwenye ncha mbili, ya zambarau yote katikati, yakajifiche chini ya kola.

Siku ya kumkabidhi mjukuu, mkwe aliinyoosha skafu mapajani, akaikagua weee.

"Mkwe, nitegulie kitendawili: maua yangu yamekosa nini hata yapelekwe kisogoni?"

Bibi hakupepesa macho. "Nimekupendelea, mwenzangu! Yangu yananing'inia tu kama nguo kambani. Yako ndiyo yanamkumbatia mtoto."

"Ala! Kumbe huko ndiko kuzuri?"

"Kuzuri mno!"

"Basi siwezi kukudhulumu. Tubadilishane."

Mjukuu akaangua kicheko. Bibi akavaa miwani, akaomba mkasi, akaanza kufumua.