Bima ya Noreen Baada ya Talaka

Noreen Haugland alikuwa ameinamia sinki, jasho likimtoka, Clayton alipoingia kwa mlango wa nyuma kuchukua zana zake za kuvulia samaki. Talaka yao ilikuwa imetoka mwezi uliopita, na tangu hapo Noreen hakuwa akipokea simu zake. Aliona waliyosemezana mbele ya mawakili yanatosha.

"Una nini?" Clayton akauliza.

"Tumbo tu. Chukua vitu vyako uende."

Tumbo lilianza jana yake, kwanza kitovuni, kisha likahamia upande wa kulia na kukaza. Noreen alijua hayo si maumivu ya kupuuza. Lakini bima yake ya afya ilitokana na kazi ya Clayton. Kiwanda cha karatasi kilipompunguza Clayton kazini kabla ya theluji kuanza, waliendelea na bima ileile kwa kuilipia wenyewe, wakijibana kweli. Sasa yeye si mkewe tena, na kwa hesabu yake jina lake lilishafutwa. Pale mjini Duluth alimjua jirani asiye na bima aliyelazwa siku chache tu, akaishia kuuza nyumba ili alipe hospitali. Noreen alikuwa ameapa kwamba yeye hayatamkuta.

Alipomweleza hayo kwa maneno ya kukatakata, Clayton alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Ndiyo maana nilikuwa nakupigia, we mwanamke. Niliwaarifu watu wa bima kuhusu talaka. Wanasema una haki ya kuendelea peke yako, mradi ukubali ndani ya miezi miwili na ulipe mwenyewe."

"Sijakubali kitu. Wala sijalipa."

"Muda bado upo. Ukikubali na kulipa, inahesabika tangu siku ile ilipokatika. Hata leo imo."

"Uliniambia pia paa halivuji."

"Paa nilikosea. Hili nimewauliza mara mbili."

Noreen alitaka kucheka, tumbo likamkataza. Akanyoosha mkono, na Clayton akamshika hadi garini.

Hospitalini, karani alipouliza habari za bima, Noreen alieleza kwamba yumo katika kipindi cha kuamua, na kwamba ameamua. Alitarajia kuangaliwa kwa jicho baya. Karani aliandika tu, akamwelekeza kwa wauguzi. Kabla ya jioni alishafanyiwa upasuaji. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka, na kwamba angekawia kidogo tu wangekuwa wanaongea mambo mengine.

Wiki iliyofuata, akiwa bado anatembea amejishika ubavu, Noreen aliwapigia mwenyewe watu wa bima, akakubali, akalipa kutoka kwenye akiba yake. Mchango ulikuwa mzito, tena bila mwajiri wa kumsaidia, na sehemu ya gharama za hospitali ingebaki juu yake. Lakini mama aliyepokea simu alimthibitishia kwa upole: bima haikuwa na pengo hata la siku moja. Upasuaji wake ulikuwa ndani.

Noreen alimwomba arudie. Yule mama akarudia.

Kazi yenye bima yake mwenyewe angeitafuta kidonda kikishapona. Siku ile alipasha moto supu, akala bakuli zima, kisha akajilaza kwenye kochi na usingizi ukamchukua palepale.