Mikono Tu, Bila Sura

Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani, ta-ta-ta. Alikuwa Tima, mwenzangu wa chumba, anachemsha chai kabla jogoo hajawika.

"Huna usingizi wewe?" nikamuuliza.

"Usingizi wa nini, mwenzangu? Leo tunaonyeshwa kwa video!"

Tukacheka chini chini ili Mbula, binti yangu wa miaka minne, asiamke.

Mimi nilitoka Kasikeu, Tima alitoka Tanga. Soko hili la barabara ya Garissa lilitukutanisha, na wateja wetu walikuwa wenye malori. Zahanati ilitaka barua ya chifu kabla ya kutibu mtu, na chifu alisema barua ni za wenyeji. Mbula alipougua surua, nilirudishwa langoni naye mgongoni.

Mwalimu Muthoki, aliyenifundisha kusoma darasa la gumbaru jioni, ndiye aliyeazima kamera Nairobi. Tulikubaliana: mikono tu, bila sura. Basi nikasuka kiondo huku nikisema yote, na Tima, aliyejua kugeuza sauti, akayarudia juu ya picha ili nisijulikane.

Saa nane ghala la posho mill, penye kinu cha kusaga unga, lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, jenereta ikanguruma, na chifu Nzomo akakaa mbele. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Mikono yangu ikatokea kwenye televisheni, mikubwa, mizuri! Sauti ikasema: "Ninalala na wanaume ili mtoto wangu ale. Kazi yangu haimzuii mtoto kuugua. Chifu, nipe barua."

Halafu Mama Ndila, wa kwaya, akainuka.

"Aiya! Huo msuko si wa huku. Huo ni wa Kasikeu! Huyo ni Mama Mbula, aliyenisukia hiki changu!"

Ngai! Wakamba wazima, mimi na Mwalimu, tumeficha sura na kuacha kiondo wazi. Hapa kila mwanamke anajua mkono wa mwenzake kwa kiondo alichosuka.

"Kumbe kiondo unachobebea Biblia ni cha malaya!" mwanamume mmoja akamtania Ndila. "Kitupe basi!"

"Nikitupe kwa nini? Kinabeba vizuri kuliko wewe."

Ghala likalipuka kwa kicheko. Tima alinivuta kanga, akininong'oneza tutokee mlango wa nyuma. Ningeweza. Lakini nikafikiria lile lango la zahanati, nikambeba Mbula aliyekaa miguuni pangu, nikasimama.

"Ni mimi, chifu. Hayo maneno ni yangu. Na huyu wa Tanga huugua kama mtu yeyote."

"Nikimwandikia mgeni mmoja, kesho watakuja wangapi?"

"Mwandikie, chifu," Mama Ndila akasema. "Surua haikuuliza mwenyeji ni nani. Ilianza kwao ikamalizia kwangu."

Wanawake wa kwaya wakaitikia, "Ni kweli!" Chifu alijikuna kidevu, akatazama ile mikono iliyosimamishwa kwenye televisheni, kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Haya. Nitaanza na huyu, halafu wa Tanga. Wewe, jina?"

Nilifungua mdomo, kikatoka kicheko cha furaha. Tima akanisukuma begani: sema! Watu wote wakageuka kutungoja.

Mbula akasema kwa nguvu, "Mama yangu anaitwa Kaluki."