Mkanda Juu ya Blauzi

Tangu wifi yake aanze kufundisha naye idara moja, Madam Chaki hakuwa na raha. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa uuguzi, kwa vile vumbi la chaki halikumtoka begani. Somo la kupima presha lilikuwa lake tangu hana mvi hata moja. Sasa chuo kilitaka lifundishwe kwa njia mseto: mwanafunzi atazame video nyumbani, kisha aje darasani kufanya kwa mikono yake. Mkuu wa idara aliwaambia mawifi hao kila mmoja atengeneze kozi. Ambaye kozi yake ingependeza, ndiye angeshika somo.

Madam Chaki aliegemeza simu kwenye kopo la maziwa akajirekodi akifundisha mwanzo hadi mwisho, pamoja na pale alipogeuka kufuta ubao. Wifi yake alilikatakata somo vipande vifupi, kila kipande na swali lake.

"Video za mke wangu unatazama huku chai inachemka," kaka yake alimtania kwenye simu. "Yako, dada, mtu aage nyumbani kabisa."

Alicheka, lakini roho ilimuuma.

Akawa anaingia kimyakimya kwenye mfumo wa chuo, anafungua kozi ya wifi, anatafuta kasoro. Akaipata. Mkanda wa kipimo ulikuwa umefungwa juu ya mkono wa blauzi, na presha haipimwi hivyo. Alirudisha nyuma, akasimamisha, akatazama tena na tena kama mtu anayelamba asali. Hakumwambia mtu. Aliiweka akiba ya siku ya kikao cha kuchagua kozi.

Kwenye kikao wifi alitangulia.

"Kwanza nimshukuru wifi yangu," alisema. "Mfumo huu humwonyesha mwenye kozi nani ametazama, na amesimamisha wapi. Wifi kila akiingia anasimamisha pale kwenye mkanda. Nikajiuliza, mjuzi kama huyu anasimamishwa na nini? Kutazama vizuri, nikaona aibu yangu. Nimerekodi upya, mkono wazi."

Masikio ya Madam Chaki yaliwaka moto.

"Kumbe mlikuwa mnasaidiana," mkuu alisema. "Basi lishikeni pamoja. Wewe video, na Madam Chaki darasa la mazoezi."

Walipokuwa wanatoka, wifi alimsogelea. "Ulikuwa unanisahihisha, au unanipikia majungu?"

"Nilikuwa nakupikia."

"Nilijua," wifi alisema, akabana kicheko. "Ila chakula nimekula mimi."

Kipindi cha kwanza, wanafunzi waliingia chumba cha mazoezi wakakunja mikono ya nguo bila kuambiwa.

"Nani kawafundisha?" Madam Chaki aliuliza, ingawa alijua.

"Yule wa kwenye video, Madam."

Neno hilo lilimchoma. Akamwendea binti mmoja aliyemfunga mwenzake mkanda.

"Na video imewaambia mkanda ukaze kiasi gani?"

Walitazamana. "Hapana, Madam."

"Ingiza vidole viwili hapa. Vinapita?"

"Havipiti."

"Haya, legeza. Na nyie wengine sogeeni," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile, roho ikampoa kidogo.