Jina Lililosafishwa

Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa programu alikuwa amebakiza siku nne za mafunzo kwa vitendo pale hospitali, na kazi keshaahidiwa. Programu yake ndiyo iliyosafisha orodha ya wagonjwa wanaongoja upasuaji: ikikuta mtu kaandikwa mara mbili, inafuta jina moja. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alimmwagia sifa mpaka kichwa kikamvimba, na huko nyumbani mama yake alikuwa kashawatangazia majirani wote kwamba mwanawe kaula.

Asubuhi hiyo mama mmoja alifika kwenye dirisha la kitengo na binti wa miaka tisa. Wanawe ni pacha, wote wagonjwa wa masikio. Mmoja aliitwa mwezi wa tatu, akapasuliwa, sasa anasikia. Huyu wa pili hakuitwa, na jana daktari kasema vifupa vya ndani ya masikio vimeshaliwa na usaha. Kusikia tena hakuna, maji yakimwagika hayazoleki.

"Wakati mwingine ni mtandao, mama," mkuu akasema. Mtandao huu nao, usingekuwepo sijui wakubwa wangemsingizia nani.

Mwanafunzi alifungua kumbukumbu za programu yake. Tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, simu ya mama moja. Majina ya kwanza aliyapuuza makusudi alipoiandika, maana makarani huyakosea kila siku. Chuoni kazi hiyo ilipata alama tisini na mbili, na hata mhadhiri wake, mtu wa kuchokonoa kila kitu, hakuuliza habari za pacha. Kijana aliona haya, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mkuu alikuwa kashaona kilichoko kwenye kioo cha kompyuta. Akamvuta pembeni.

"Nyamaza, kijana. Ukifungua mdomo, barua yako ya ajira siisaini."

Alimuogopa, tusidanganyane. Alisimama pale akimfikiria mama yake na wale majirani, kisha akarudi dirishani.

"Si mtandao, mama. Programu niliiandika mimi. Ilidhani wanao ni mtu mmoja, ikamfuta huyu."

Nyuma yake mlango wa ofisi ya mkuu ulifungwa.

"Mimi nimekusikia," yule mama akasema. "Mwambie na mwenyewe. Anasoma midomo. Sema polepole, mwanangu."

Mwanafunzi akatoka nje, akapiga magoti mbele ya binti, akayarudia yote, neno kwa neno. Binti alimkazia macho mdomoni mpaka akamaliza.

"Lakini mimi nilikuja," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe. "Siku ya kuandikishwa nilikaa pale na dada. Tulikuwa wawili."

Akainua vidole viwili, akamsogezea karibu na uso aone vizuri.