Ishirini na Nne Mara Mbili

Iida alimpulizia mama yake filimbi bila kumtazama usoni, na Marjut akaondoka mbio kwa viatu vyake vya magurudumu.

Dakika tano, mizunguko ishirini na saba. Hiyo ndiyo sheria kwa kila mwanamke anayetaka kuingia kwenye timu, awe na miaka kumi na minane au, kama Marjut, hamsini na mmoja. Asiyefikisha haruhusiwi kugusa mchezo wenyewe, ule wa kusukumana kwa mabega na nyonga juu ya magurudumu. Anarudi kwa wanagenzi mpaka vuli nyingine. Tangu Septemba Marjut alikuwa akija kila Jumanne na Jumamosi kwenye ghala hili la zamani la kiwanda cha karatasi, akianguka na kuamka, mpaka magoti yakawa na rangi ya biringanya. Januari, mazoezini, alipata ishirini na mbili. Machi, ishirini na tano.

Leo miguu ilikubali. Alijiinamisha vizuri kwenye kona, akavusha mguu wa kulia juu ya wa kushoto kama alivyofundishwa, na magurudumu yakavuma sakafuni. Kila anayepimwa hupewa mtu wa kumhesabia kwa sauti, na yeye alipewa bintiye, nahodha wa timu.

"Kumi na tisa!" aliita Iida. "Ishirini!"

Marjut alikuwa amepika shuleni kwa miaka ishirini na minane, na mpishi wa shule huhesabu kila kitu. Huhesabu miiko ya supu ya njegere kila Alhamisi, huhesabu viazi, huhesabu uma zinazorudi na zile ambazo watoto wamezitupa kwenye ndoo ya makombo. Namba hazimpotei. Kwa hiyo alipopita mbele ya Iida akasikia "Ishirini na nne!", akazunguka, akapita tena, akasikia "Ishirini na nne!" vilevile, alijua hapohapo. Ila alikuwa na kinga ya meno mdomoni, na pumzi aliyobaki nayo ilikuwa ya miguu tu. Akaendelea.

Filimbi ikalia.

"Ishirini na sita," Iida alimwambia Outi.

Outi alikuwa mkufunzi wao, mwanamke mpana, mgawa barua mchana na mkali jioni, ambaye uwanjani walimwita Katapila. Aliandika kwenye ubao wake. "Pole, mama Iida. Mmoja tu."

Marjut alitema kinga ya meno kiganjani. "Nimefika ishirini na saba. Ameita ishirini na nne mara mbili."

Outi aliwatazama wengine. Walikuwa wanane wakipimwa pamoja, wahesabuji wanane wakipiga kelele pamoja. Hakuna aliyesikia hesabu ya mwenzake.

"Iida?"

"Nimeita nilichoona," alisema Iida, na akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Marjut aliiona ile kamba. Alimzaa mtoto huyu. Alijua anavyoinama akiwa ameiba biskuti.

Alimfuata Iida hadi chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango kwa kisigino, gurudumu likagonga ubao.

"Sema."

"Mama, watu watasikia."

"Wasikie! Sema, ulirudia au hukurudia?"

Iida alikaa kwenye benchi, kofia ngumu mapajani. "Nilirudia."

"Makusudi?"

"Februari ulianguka ukienda kutupa taka, Mama. Kutupa taka tu! Mfupa wa mkono ukapata ufa mdogo. Daktari akasema mifupa imeanza kudhoofika. Wewe hujui kugongwa kulivyo. Akina Katapila hawana mzaha."

"Daktari alinikataza?"

"Hapana, lakini..."

"Basi wewe ni daktari wa wapi?"

Iida aliigeuzageuza kofia.

"Ulipovunja mguu uwanjani ukiwa na miaka kumi na tisa," alisema Marjut, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililomtisha bintiye kuliko makelele, "nani alikuosha nywele kwenye sinki la jikoni wiki sita? Umelaza shingo kwenye taulo la kijani, mguu juu ya kiti. Nilikuambia uache?"

"Hukuniambia."

"Nililia chooni. Nikafungulia bomba usisikie. Halafu nikaenda kukununulia viatu vipya, hivyo hivyo ulivyovaa! Mimi nilikuogopea na nikakuacha. Wewe umeniogopea ukanidhulumu. Ungeniambia usoni, 'Mama, acha.' Ningekutukana, ungenitukana, tukamaliza. Lakini kunipunguzia hesabu kama mtoto anayepunguziwa maziwa!"

"Basi twende nikamwambie Outi."

Hapo ndipo Marjut alipokosea, na alikuja kulijua kosa lake baadaye. Angesema twende, yangeisha. Lakini hasira ilikwisha kukalia kiti cha akili.

"Usimwambie chochote. Sitaki kitu kilichookotwa kwenye huruma yako. Sheria ni majaribio mawili. Nakimbia tena, sasa hivi, na wewe ndiye utakayenihesabia."

"Mama, hujapumzika hata..."

"Filimbi yako iko wapi?"

Outi alijaribu kumzuia. Akamwambia angalau anywe maji, ale ndizi. Marjut alikunywa mafunda mawili akiwa amesimama, akarudisha kinga ya meno, akaenda kwenye mstari. Wenzake walikuwa wamemaliza. Walikaa chini ukutani wakimenya machungwa, na ghala lote likawa kimya.

Mizunguko kumi ya kwanza hasira ilimbeba. Alikimbia kama mtu anayefukuza mwizi. Ya kumi na tano, mapaja yakaanza kuwa uji. Ya ishirini, kichomi kikamshika chini ya mbavu za kulia, akakunja mkono hapo akaendelea. Kila alipopita, Iida aliita namba kwa sauti kubwa, wazi, moja moja, na kila namba ilikuwa ya kweli. "Ishirini na nne!" Mara moja. "Ishirini na tano!" Iida alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa njia. "Ishirini na sita! Mama, ongeza! Ongeza!"

Filimbi ilimkuta kwenye kona ya mbali, nusu ya mzunguko wa ishirini na saba.

Aliteleza polepole mpaka akasimama, mikono magotini. Wanawake pale ukutani wakampigia makofi, na yale makofi yakamchoma kuliko kichomi. Sasa ilikuwa kweli. Alikuwa ameshindwa mbele yao wote, kwa miguu aliyoichosha kwa kiburi chake mwenyewe, baada ya kushinda bila mtu kujua.

Outi aliinua kalamu.

"Usiandike," alisema Iida.

"Nini tena?"

Iida alikuwa mwekundu hadi shingoni. Alivua filimbi, akasema kwa sauti ileile aliyohesabia, ili iwafikie wote mpaka wale wa machungwa: "Mara ya kwanza alifika ishirini na saba. Nilirudia ishirini na nne. Nilifanya makusudi, kwa sababu sikutaka apite."

Hakuna aliyemenya chungwa.

Outi alisogea hadi mbele yake. Akanyoosha mkono, akachukua filimbi. "Humpimi mtu tena hapa. Na mechi ya Mei utakaa benchi." Kisha akamgeukia Marjut. "Wewe umepita. Kwa ile ya kwanza. Una la kusema kumtetea?"

"Kwamba ni mwanangu?" Marjut alijifuta jasho kwa mkono wa fulana. "Hapana."

Nje, marundo ya theluji ya Aprili yalikuwa yamebaki machafu pembeni mwa maegesho. Iida alinyoosha mkono kuchukua mkoba wa mama yake wenye viatu.

"Acha. Kila mtu na mzigo wake."

Wakaingia kwenye gari. Marjut aliwasha injini, akaweka mikono kwenye usukani, lakini gari halikuondoka. Mapaja yake yalikuwa bado yanaruka yenyewe.

"Jumanne ni zoezi la kugongana," alisema. "Nimeona kwenye karatasi ukutani. Wapya na wenyeji, wawili wawili."

"Najua."

"Nitakuchagua wewe."

Iida alimgeukia. "Mama, nisamehe."

"Bado. Jumanne unigonge kama unavyomgonga Katapila. Ukinigonga kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, nitajua, na nyumbani kwangu hutaoga sauna; mvuke wake utausikia harufu kwa mbali tu."

"Na nikikugonga kweli?"

"Nitaanguka," alisema Marjut, akatia gia. "Halafu nitaamka, nije nikutafute."